Nani Hayupo Leo? Afya ya Mwanafunzi na Heshima ya Shule katika Jinja na Mbale



Kila mwaka Baraza la Mitihani la Uganda linapotangaza matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, PLE, magazeti ya siku zinazofuata hujaa picha za watoto waliobebwa juujuu na walimu wao. Aliyepata jumla ya alama 4, ambayo ndiyo bora kuliko zote kwa kuwa masomo ni manne na alama ya juu kabisa ni 1, huwa fahari ya mtaa mzima. Jina la shule yake huandikwa kwenye bango kando ya barabara, na wazazi huanza kumsaka mwalimu mkuu kabla muhula haujafunguliwa. Sina ugomvi na shangwe hiyo. Mtoto aliyesoma kwa bidii anastahili kubebwa. Lakini tuseme ipo shule Walukuba, mjini Jinja, ambayo mtoto wake akipata homa hupimwa malaria siku ileile, na ipo nyingine Namatala, mjini Mbale, ambayo wasichana wake hawabaki tena nyumbani wakati wa hedhi. Hizo zitabebwa na nani? Hakuna siku ya kuzitangaza, wala gazeti litakalozitafuta. Na kwa kuwa mwalimu mkuu ni binadamu kama sisi, hupeleka nguvu zake kule ambako wazazi na wakubwa wake wanatazama.

Kwa hiyo tukitaka shule zishughulikie afya na ustawi wa wanafunzi, hatuna budi kuzipa heshima kwa kazi hiyo, hadharani, kwa kigezo ambacho kila mzazi anakielewa. Hadi hapo nadhani wengi tuko pamoja. Tutakapoachana ni kwenye kigezo chenyewe. Tumezoea kupima afya ya shule kwa vitu: matundu ya vyoo, matangi ya maji, sanduku la huduma ya kwanza, mabango. Mimi nasema kigezo cha kwanza kiwe daftari ambalo kila mwalimu wa darasa tayari analo mezani, yaani rejista ya mahudhurio, na ndani ya daftari hilo tuanze kusoma majina ya wasiokuja. Shule inayojenga afya ni ile inayojua nani hayupo leo, kwa nini hayupo, na imechukua hatua gani ili arudi.

Tutazame kwanza kinachowaweka watoto nyumbani katika ukanda huu. Malaria inaongoza, ingawa haiwagusi wote kwa kiasi kimoja. Watafiti wa malaria wa mradi wa PRISM walikadiria, katika miaka ya mwanzo ya muongo uliopita, kwamba mtu wa Walukuba aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria chini ya mara 3 kwa mwaka, wakati mtu wa Nagongera, wilayani Tororo, aliumwa mara 310. Kutoka Jinja hadi Tororo ni safari ya saa chache tu kwa basi. Naomba tarakimu hizo zikumbukwe, maana nitazihitaji tena. Kando ya ziwa, katika vijiji vya wavuvi kama Masese, kuna kichocho. Vijijini Busoga kumekuwa na funza, ambao mwaka 2010 walifikia hatua ya kuishughulisha serikali kuu, na mtoto mwenye funza hukosa shule kwa maumivu na kwa aibu pia. Kuna selimundu: uchunguzi wa taifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba watoto 13 kati ya kila 100 waliopimwa walibeba chembe moja ya urithi wa ugonjwa huo, na yule aliyerithi chembe mbili hujulikana darasani kama mtoto wa kulegalega ambaye leo yupo, kesho hayupo. Kuna mashamba ya miwa ya Busoga, yanayolipa ujira mdogo lakini wa papo hapo, na msimu wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kuna mito: usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mto Nabuyonga na mto Namatala ilifurika na kuua watu ndani ya Mbale kwenyewe. Na kuna njaa ya mchana, ambayo ni kimya kuliko yote. Mtoto huja asubuhi, akaenda nyumbani saa saba kutafuta chochote, asirudi. Na rejista iliyoitwa saa mbili asubuhi inasema alikuwepo.

Je, shule inaweza kufanya lolote juu ya mambo haya, au tunamtwisha mwalimu mzigo wa hospitali, wa wizara na wa mzazi? Ushahidi tulio nao umetoka jirani. Busia, upande wa Kenya, kuanzia mwaka 1998, shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000 ziligawiwa dawa za minyoo kwa zamu, na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer wakalinganisha zilizotangulia na zilizosubiri. Matokeo waliyoyachapa mwaka 2004 yalionyesha kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo, na kwamba hata watoto wasiomeza dawa, na wale wa shule za jirani, walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua kijijini. Najua kwamba mwaka 2015 hesabu zao zilipitiwa upya na wataalamu wakabishana sana, hasa juu ya faida iliyoenea shule za mbali. Upungufu wa utoro ndani ya shule zilizopewa dawa ulibaki umesimama vizuri zaidi. Waliofuatwa miaka 20 baadaye walikuwa na kipato cha saa kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 13. Dawa yenyewe ni kidonge cha bei ndogo sana, na mtoto alikipata shuleni kwake.

Kamuli, kaskazini ya Jinja, ushahidi uligusa jambo ambalo wanaume tunaoandika hotuba hupenda kulipita haraka. Katika shule 8 za wilaya hiyo, mtafiti Paul Montgomery na wenzake waligawa wasichana katika makundi: waliopewa taulo za kike za kufua, waliofundishwa juu ya balehe, waliopata vyote viwili, na wasiopata kitu. Taarifa yao ya mwaka 2016 ilisema mahudhurio ya wasichana waliosaidiwa, kwa njia yoyote kati ya zile tatu, yalikuwa bora kuliko ya wasiosaidiwa kwa karibu asilimia 17. Mafunzo peke yake yalisaidia, na taulo peke yake zilisaidia. Hapo pana somo kwa shule isiyo na fedha: mwalimu mlezi wa wasichana anayezungumza wazi na mabinti wake, na mlango wa choo unaofungika kwa ndani, vinaweza kuanza kazi wakati ahadi ya serikali ya taulo za bure, iliyotolewa katika kampeni za uchaguzi na kuahirishwa mwaka 2017 kwa kukosa fedha, ikiendelea kusubiriwa.

Ushahidi wa tatu umetoka Jinja kwenyewe, na ndio unaonifikirisha zaidi. Katika nusu ya pili ya mwaka 2014 ulifanyika utafiti ulioitwa START-IPT katika maeneo 84 ya wilaya ya Jinja, kila eneo likiwa na shule moja ya msingi na kaya zinazoizunguka. Katika nusu ya shule hizo wanafunzi walipewa dawa ya malaria kila mwezi, wagonjwa na wazima. Baadaye watafiti walipima watu wa kila umri majumbani. Kwenye maeneo ya shule zilizopewa dawa, waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 19. Kwenye mengine, asilimia 23. Tofauti hiyo si kubwa. Lakini hebu tutazame kilichoifanya iwe ndogo. Katika shule 42 zilizopewa dawa walikuwamo wanafunzi 23,280 waliosajiliwa, na walioingia katika mpango walikuwa 10,079, yaani 43 kati ya kila 100. Kati ya walioingia, 92 kwa kila 100 walimeza angalau dozi moja kamili. Mpango ulipungukiwa mahali ambapo shule hukutana na mzazi. Dawa ilikuwepo, mwalimu alikuwepo, mtoto aliyekwisha kuandikishwa alimeza. Zaidi ya nusu hawakuandikishwa. Shule ambayo wazazi wake wamezoea kuitwa kwa jambo jingine mbali na michango na utovu wa nidhamu ingekuwa na sababu ya kutarajia zaidi ya hapo, na uhusiano wa namna hiyo haujengwi na mradi wa miezi sita.

Wazo la kuzitambua shule kwa afya si geni duniani. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa afya shuleni mwaka 1995, na mwezi Juni 2021, pamoja na UNESCO, likatoa viwango 8 vya kimataifa vya shule zinazokuza afya, kuanzia sera za serikali hadi huduma za afya ndani ya shule. Hong Kong ilianza kutoa tuzo za shule zenye afya mwaka 2001. Hata hivyo, mapitio makubwa ya tafiti ya shirika la Cochrane yaliyotolewa mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio 67 ya mtindo huo, yalikuta manufaa madogo katika mambo kadhaa, kama vile mazoezi ya mwili, ulaji wa matunda na mboga, kupungua kwa matumizi ya tumbaku na kwa uonevu kati ya wanafunzi. Juu ya mahudhurio na masomo hayakuwa na la kusema, kwa kuwa ni majaribio machache mno yaliyojishughulisha kuyapima. Mengi yalifanyika katika nchi tajiri, ambako mtoto kuja shule si swali. Kwetu ndilo swali la kwanza. Ndiyo maana siungi mkono kuchukua fomu ya tuzo kutoka ng'ambo na kuipiga muhuri wa Jinja. Uganda yenyewe imewahi kuonja tuzo na kampeni za vitu vya kutazamwa: tangu mpango wa PIASCY wa kuwafikia vijana juu ya UKIMWI, mwanzoni mwa miaka ya 2000, viwanja vya shule zetu vimejaa vibao vya mbao vilivyopigiliwa mitini vikiwaambia watoto wajihadhari na hiki na kile. Mkaguzi hupita akaviona, akaandika kwamba shule inazungumza. Hakuna kibao kilichowahi kuuliza mtoto fulani yuko wapi.

Nafika sasa kwenye mapingamizi, maana ni mengi na mengine yana uzito.

La kwanza, na la haki kabisa, ni kwamba rejista hudanganya. Ruzuku ya elimu ya msingi kwa wote hutolewa kwa kichwa cha mtoto, nasi sote tumesikia habari za wanafunzi hewa. Ukiongeza tuzo juu ya ruzuku, umeongeza sababu ya kudanganya. Nakubali, na kwa sababu hiyohiyo nasema tuzo isitolewe kwa rejista yenye mahudhurio makubwa. Itolewe kwa rejista ya kweli. Siku ya ukaguzi wa kushtukiza wahesabiwe watoto walioketi darasani, asubuhi na tena saa nane mchana, na hesabu hiyo ilinganishwe na kilichoandikwa. Hiyo hesabu ya saa nane ndiyo itakayoifichua njaa niliyoitaja. Wanaohesabu wawe walimu wa shule nyingine, wakiwa na mjumbe wa kamati ya usimamizi, na zamu ipigiwe kura asubuhi hiyohiyo. Shule iliyoandika kwamba watoto 60 hawapo, ikaeleza sababu za 50 kati yao na ikaonyesha waliofuatwa nyumbani, iwe juu ya ile iliyoandika kwamba wote wapo. Mwalimu mkuu atakayeelewa kwamba ukweli wa aibu una alama kuliko uongo mzuri ataanza kuandika ukweli.

Pingamizi la pili linasema tuzo zitachukuliwa na shule za bweni za kulipia, zenye muuguzi, bwalo na maji ya bomba, na shule ya serikali ya Namatala itabaki kupiga makofi. Hapa ndipo nazirudia zile tarakimu za Walukuba na Nagongera. Shule mbili za ukanda mmoja zinaweza kutofautiana mara mia katika hatari ya malaria peke yake, bila uzembe wa mtu yeyote. Kuzipanga katika safu moja ni dhuluma, na ndiyo dhuluma tunayoifanya kila mwaka kwa matokeo ya PLE. Kila shule ilinganishwe na jana yake. Tuzo ya mwendo, si ya cheo. Shule ya bweni ambayo mahudhurio yake yalikuwa kamili mwaka jana na yamebaki kamili mwaka huu haijapiga hatua ya kutuzwa. Iendelee tu na kazi nzuri.

La tatu ni zito zaidi, nami sitajifanya kuwa nalimaliza. Mtoto anaweza kuwapo darasani kila siku na asiwe mzima. Anaweza kuwapo kwa hofu ya fimbo. Serikali ilipiga marufuku viboko shuleni kwa waraka wa mwaka 2006, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yakaiweka marufuku hiyo katika sheria, lakini fimbo bado iko nyuma ya mlango wa ofisi nyingi za walimu. Shule ingeweza hata kupandisha mahudhurio kwa kuwachapa watoro, ikapata tuzo ya afya kwa njia hiyo! Rejista haiwezi kuiona hila hiyo. Wanaoweza kuiona ni watoto wenyewe. Tunajua wakiulizwa vizuri hujibu: katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, mtafiti Karen Devries na wenzake waliwauliza wanafunzi kwa siri kama wamepigwa na mtumishi wa shule wiki iliyopita. Kwenye shule zilizofuata mpango wa Shule Bora wa shirika la Raising Voices waliosema ndiyo walikuwa asilimia 31. Kwenye zile zilizokuwa zikingoja zamu yao, asilimia 49. Matokeo hayo ya mwaka 2015 yanatuambia mambo mawili: kwamba shule inaweza kubadilika ndani ya miezi 18, na kwamba hata iliyobadilika bado inampiga mtoto mmoja kati ya watatu. Basi pamoja na rejista pawe na sanduku la maswali machache yanayojibiwa bila jina, na shule ambayo watoto wake wanasema wanapigwa isipate tuzo hata ikiwa na mahudhurio ya malaika.

Wapo watakaosema chakula na matibabu ni wajibu wa mzazi, na kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema hivyo waziwazi. Inasema hivyo kweli. Lakini kutaja mwenye wajibu si kumzuia mwingine kuupanga wajibu huo utekelezeke. Mzazi wa Busoga asiye na shilingi mwezi wa pili huwa na mahindi baada ya mavuno. Shule inayopokea debe la mahindi na kilo za maharage kwa wakati huo, ikaandika risiti na kupika uji au posho muhula mzima, imeitii sheria kuliko ile inayomrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa mchango wa fedha. Na kuhusu mwalimu aliyeelemewa, mwenye darasa la watoto zaidi ya mia, jibu ni kwamba rejista tayari anaiita. Simwongezei fomu. Namwomba mwalimu mkuu aisome mwisho wa wiki, akae na walimu wake nusu saa, kisha awatume wazee wa mtaa na wanakamati kwa watoto wasioonekana.

Lipo pingamizi la mwisho, la wapenda mitihani: kwamba afya itatetewa iwapo tu itapandisha alama. Hapa sina nia ya kuafikiana nao. Afya ya mtoto haihitaji kibali cha Baraza la Mitihani. Ikiwa mtoto wa selimundu amemaliza darasa la saba bila kufedheheshwa na bila kulazimishwa kukimbia mchakamchaka kwenye baridi ya asubuhi, shule imefanya kazi yake hata akipata daraja la tatu. Tulikwisha kuona kinachotokea watoto wasipokuwapo kabisa: shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa rasmi kwa wote tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote wakati wa janga la korona, na wakati milango inafunguliwa wapo waliokuwa wamekwisha kuwa mama, wakata miwa na wachuuzi. Siku ile kila shule ilikuwa na orodha ya majina ya Machi 2020. Shule ngapi ziliichukua orodha hiyo na kupita nyumba kwa nyumba?

Jinja na Mbale ziligeuzwa majiji tarehe 1 Julai 2020, na tangu hapo kila moja ina idara yake ya elimu na idara yake ya afya chini ya paa moja la baraza. Idara hizo hazihitaji sheria mpya ili kukaa meza moja. Dawa za minyoo hutolewa kila Aprili na Oktoba, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi imekuwa ikiwafikia wasichana wa miaka 10 tangu mwaka 2015, na vyote hivyo hupitia kwenye orodha ileile ya darasa. Nawaomba maofisa elimu wa majiji haya mawili wasingoje Kampala. Wachague shule chache za serikali katika kila jiji kuanzia muhula ujao, wahesabu asubuhi na saa nane, wawasikilize watoto kwa siri, na mwisho wa mwaka wachapishe matokeo kwenye karatasi ileile watakayochapishia matokeo ya PLE, hata kama mwaka wa kwanza yatawaaibisha. Nanyi wazazi mlioko hapa, katika mkutano ujao wa shule, kabla ya ajenda ya michango, mwombeni mwalimu mkuu afungue rejista awasomee.